Bwana Kimmerle, Gharika na Ufagio

Kama si babu wa babu wa babu yake Eugen Kimmerle, mji wa Altenwehr usingekuwepo leo. Ungesombwa wote na mto Neckar mwaka 1784, kanisa na kengele zake, ukaenda kutupwa Uholanzi huko, watu wakawa wanaanika nguo juu ya mnara wetu. Habari hizi ni za uhakika kabisa. Aliyezitoa ni Eugen Kimmerle mwenyewe!

Na alizitoa kila Jumamosi, saa nane kamili mchana, kwa miaka kumi na moja, kwa yeyote aliyefanya kosa la kusimama karibu na kisima cha sokoni. Ndiye aliyekuwa mwongoza wageni wa mji. Kabla ya hapo aliuza vigae vya bafuni miaka thelathini na moja, lakini hilo usimkumbushe, atanuna. Alipostaafu, ofisi ya utalii ilimpa kofia ya kijani yenye unyoya wa jogoo na fimbo yenye kirungu cha shaba. Basi! Mtu wa vigae akafa siku hiyohiyo, akazaliwa mwanahistoria.

Mwaka wa kwanza, babu Kimmerle aliokoa mbuzi. Mbuzi mmoja tu, tena alikuwa anachechemea. Mwaka wa tatu mbuzi wakawa wawili, na mwokaji mikate juu yake. Kufikia mwaka wa saba babu alikuwa ameokoa watu kumi na mmoja, mchungaji, na kengele kubwa ya kanisa, ambayo aliibeba mgongoni huku kasia ameling'ata kwa meno. Chumvi aliyotia kwenye hadithi ile, ingekuwa supu, nusu ya mji tungekuwa na presha.

Lakini usimcheke sana. Nyumbani mkewe, Hannelore, alikuwa na dawa yake: Kimmerle akianza tu "Mwaka 1784...", yeye anawasha mashine ya kufyonza vumbi. Pale mgahawani kwenye meza ya wazee, ile meza ambayo mgeni akiikalia anaondolewa kwa macho tu, wenzake walikuwa wakimwona anavuta pumzi wanainua magazeti wote kwa pamoja. Jumamosi saa nane ndiyo ilikuwa saa yake pekee katika wiki nzima ambapo binadamu walimsikiliza. Ukimwondoa hapo, angebaki na bata wa mtoni. Na bata wenyewe walishamjua, wakimwona wanaogelea kwenda ng'ambo.

Mwezi wa kumi likaja balaa. Ofisi ya utalii ilipata mkuu mpya, Bi. Wiebke Tamsen, kutoka Hamburg. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Watu wa Hamburg, we waache tu! Wakifurahi, uso ni uleule. Wakifiwa, uso ni uleule. Alimwita Kimmerle ofisini, na hata kiti hakumkaribisha.

"Bwana Kimmerle, matembezi yako yametangazwa kuwa ya saa moja na nusu."

"Ndiyo, mama."

"Ya wiki iliyopita yalichukua saa tatu na dakika kumi. Mgeni mmoja aliachwa na meli."

"Huyo ndiye aliyeuliza swali."

"Aliuliza choo kiko wapi."

"Na nilimjibu! Tena kwa kirefu, tangu enzi za Warumi."

Bi. Tamsen akamweleza, bila kupandisha wala kushusha sauti, kwamba miji mingine siku hizi imetia historia yake yote ndani ya simu. Mgeni anaweka kidude sikioni, anatembea, anasikiliza, anakwenda zake.

"Simu haichelewi," akasema. "Na simu haina babu. Jumamosi hii nitatembea na wewe. Baada ya hapo nitaamua: ni wewe, au ni simu."

Kimmerle alitoka pale. Aliogopa, niseme ukweli. Lakini alipofika kwenye daraja alisimama, akatunisha kifua, akawaambia bata: "Mimi? Eugen Kimmerle? Nishindwe na simu? Thubutu!"

Wiki nzima akawa mbele ya kioo. Alinoa sauti, alinoa mikono, alijaribu kofia ikiwa imelalia kushoto, ikiwa imelalia kulia. Babu akaongezewa farasi wawili wa mtawala. Na katika mambo hayo makubwamakubwa, kuna jambo moja dogo alilipuuza: wiki ile ilikuwa zamu yake ya ufagio.

Sasa, pale kwetu nyumba moja ina familia nne au tano, na kuna kibao kimoja cha mbao. Kibao kikining'inia mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi ni zako, korido ni yako, na kipande cha barabara mbele ya nyumba ni chako, mpaka Jumamosi jioni. Hakuna mtu anayekagua. Wote wanakagua! Mtu anaweza kukosa kanisani mwaka mzima na mchungaji akaendelea kumsalimia. Lakini ukose kufagia Jumamosi, hata aliyekuzaa atavuka barabara akikuona.

Jumamosi asubuhi Kimmerle alifungua mlango, kibao hicho, kinamtazama. Akachungulia dirishani: majani ya mti wa mtaani yamejaa chini, ya manjano, yamelowa, yameganda kwenye mawe. Kazi ya saa nzima. Akatazama koti lake lililopigwa pasi. Akaitazama kofia. Mtu ambaye historia ya mji mzima inamtegemea siku ile, ashike ufagio?

Basi akafanya jambo ambalo hakuna binadamu wa Altenwehr aliyewahi kulifanya akabaki na heshima yake. Alikitoa kibao mlangoni kwake, akavua viatu, akashuka ngazi kwa soksi, polepole, akakitundika mlangoni kwa Mama Hägele.

Mama Lina Hägele alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa, mfupi, aproni ya bluu haimtoki mwilini. Alikuwa amefagia mbele ya nyumba ile miaka hamsini na miwili. Kimmerle alijipigia hesabu: huyu mama ni mzee, atakiona kibao, atadhani zamu ni yake, atafagia, na sisi tutapita juu ya mawe yanayong'aa. Atakuwa amesahau kwamba wiki iliyopita ilikuwa yake.

Mama Hägele asahau! Mama ambaye alikuwa anakumbuka nani alimwaga maziwa ngazini mwaka 1986, na alipangusa kwa kitambaa cha rangi gani!

Saa nane kamili, Kimmerle alikuwa kisimani. Wageni kumi na mmoja: akina mama watatu wa Bremen waliokuja kwa baiskeli, helmeti bado kichwani, mtu na mkewe kutoka vijiji vya jirani, wanatafuna mkate wa kusokotwa, wengine wa kawaida tu, na bwana mmoja mwenye sandali juu ya soksi za kijivu, daftari mkononi, penseli imechongwa kali. Nyuma yao wote, koti la mvua. Bi. Tamsen.

"Mabibi na mabwana!" Kimmerle aligonga fimbo chini. "Mmesimama mahali ambapo Ulaya ilikaribia kwisha!"

Walianzia mnara wa lango.

"Mnara huu una urefu wa mita thelathini na nane!"

Bwana wa soksi alinyoosha penseli. "Kile kibao kinasema ishirini na sita."

"Walipima wakati wa baridi. Mawe hujikunyata."

Bwana wa soksi aliandika. Halafu akafuta.

Wakafika kwenye ukuta wa mji. Kimmerle akachomeka ncha ya fimbo kwenye tundu. "Na hapa ndipo ilipoingia risasi ya mzinga wa Wafaransa!"

Mama mmoja wa Bremen akainama. "Mbona kuna bomba la maji linatoka humo?"

"Tumelitumia tundu lao. Sisi watu wa hapa hatutupi kitu!"

Yule bwana wa vijiji vya jirani alitikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa. Hilo, kusema kweli, ndilo jambo pekee la kuaminika lililosemwa siku ile mpaka hapo. Lakini Bi. Tamsen hakucheka. Aliangalia saa. Wakaenda darajani, Kimmerle akamsifia bata maji mmoja kwamba anatoka katika ukoo wa bata maji wa kifalme. Bata maji akawageuzia mkia. Bi. Tamsen akaangalia saa tena.

Jasho lilianza kumtoka Kimmerle chini ya kofia. Ananiponyoka, akawaza, huyu mwanamke ananiponyoka, Jumamosi ijayo nitakuwa jikoni nasikiliza mashine ya vumbi. Ilibaki silaha moja tu. Gharika. Alama ya shaba ya kuonyesha maji yalikofika, imeandikwa 1784, ilikuwa imegongomewa kwenye ukuta wa nyumba aliyokuwa anakaa yeye mwenyewe, Mtaa wa Wavuvi, juu kabisa, usawa wa dirisha la ghorofa ya kwanza. Hakuna mgeni aliyewahi kuitazama alama ile bila kusema "Loo!"

Akatangulia mbio kuchungulia kona. Akarudi nyuma haraka, uso umekuwa mweupe.

Majani yote yalikuwa palepale. Hata moja halijaguswa. Na katikati ya majani, chini ya alama kabisa, kwenye kiti cha jikoni, alikuwa amekaa Mama Hägele, mgongo umenyooka, ufagio mkono wa kulia, kibao mapajani.

"Mabibi na mabwana," Kimmerle akasema, akiwatandazia mikono njia nzima, "gharika nitawaelezea sokoni. Gharika huonekana vizuri zaidi ukiwa mbali."

"Karatasi yenu inasema kituo cha sita ni alama ya gharika," bwana wa soksi akasema.

"Nataka kuiona," akasema Bi. Tamsen. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu saa nane.

Wakaingia mtaani. Majani yakawa yanalia kwashakwasha chini ya viatu vya watu kumi na watatu, na kila mlio ulimchoma Kimmerle.

"Kimmerle!" Mama Hägele akaita.

Dirisha moja la jirani likafunguka. Kwa sababu lazima uelewe: watu wale wawili walikuwa wamekaa nyumba moja miaka thelathini, wanachangia ngazi, stoo na kamba ya nguo, na katika miaka hiyo yote ilikuwa ni Bwana Kimmerle na Mama Hägele, asubuhi, mchana na jioni, hata siku maji yalipovuja kutoka bafuni kwake hadi kwenye supu ya mama. Kumwita mtu Kimmerle tupu, bila Bwana, mtaani, mbele ya wageni! Hiyo ni vita.

Kimmerle akajifanya kiziwi. "Tazameni juu! Mnaiona ile alama?"

"Loo!" wakasema akina mama wa Bremen.

"Kimmerle, hiki ni nini?" Mama Hägele akanyanyua kibao.

"Na hapa chini," Kimmerle akasema bila kumtazama, "mnamwona mkazi halisi wa mtaa huu katika mavazi yake ya asili."

"Mavazi ya asili? Hii ni aproni ya kuoshea vyombo! Nakuuliza, hiki ni nini?"

"Maji yalifika PALE!" Kimmerle akapaza sauti mpaka unyoya ukatikisika. "Usiku wa manane! Babu yangu akapita na mtumbwi dirishani, moja kwa moja, akamkuta mwokaji mikate kitandani na farasi wawili..."

"Kitandani?" akauliza bwana wa soksi.

"...farasi walikuwa nje! Akawabeba wote, kengele mgongoni, kasia mdomoni..."

"Alama hiyo?" Mama Hägele akaitazama kama vile mtu anavyotazama sufuria yake ya zamani. "Hiyo aliipandisha marehemu mume wangu."



"Aliipandisha?" Bwana wa soksi alisogea, penseli inamtetemeka kwa furaha.

"Mwaka sabini na nane, tulipopaka nyumba rangi. Ilikuwa chini, mbwa wote wa mtaa wanaikojolea. Karl wangu akaona haya, shaba nzuri vile. Akapanda ngazi, akaigongomea kule ambako mbwa hafiki."

"Na mwanzo ilikuwa wapi, mama? Kama unakumbuka."

"Kama nakumbuka!" Mama Hägele akanyoosha ufagio, akagusa ukuta. "Hapa. Tundu za misumari hizo."

Wageni wote wakainama. Palikuwa usawa wa goti lake, na mama mwenyewe, kama nilivyosema, ni mfupi. Wakatazama goti. Wakatazama juu dirishani. Halafu, taratibu, wote kwa pamoja, wakamtazama Kimmerle.

"Sasa mtumbwi wa nini?" akauliza mama mmoja wa Bremen. "Si angekunja suruali tu?"

Wacha watu wacheke! Walicheka mpaka helmeti zikagongana. Yule bwana wa vijijini alipaliwa na mkate, mkewe akawa anampiga mgongoni huku naye anacheka. Kimmerle alisimama katikati, masikio mekundu, fimbo imeinama. Aliumia. Miaka kumi na moja alikuwa amemlea yule babu, amemlisha, amemkuza, na sasa babu alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini na mbuzi wake anayechechemea.

Lakini Mama Hägele hakuwa amemaliza. Wala hakuwa ameanza.

"Hayo ya babu yako mtajuana huko ukoo kwenu. Mimi nimefagia wiki iliyopita. Jana jioni hiki kibao kilikuwa mlangoni kwako, leo asubuhi kiko kwangu. Kimeota miguu?"

"Pengine ni upepo, Mama Hägele."

"Upepo! Ndani ya nyumba! Ukakitoa msumarini!"

"Mama Hägele, tafadhali, niko kazini, kuna wageni." Kimmerle alichungulia kando, akaliona koti la mvua, akachanganyikiwa kabisa. Na ndipo lilipomtoka lile neno. "Nitafagia kesho!"

Kesho!

Kesho ilikuwa Jumapili, siku ambayo ufagio hauguswi!

Madirisha yakafunguka, paa, paa, paa, mtaa mzima. Yule bwana wa vijijini akaacha kutafuna, akamziba mkewe masikio. Mzee mmoja ng'ambo ya barabara akavua kofia, sijui kwa nani. Kufagia Jumapili! Tangu Altenwehr iwe Altenwehr, mji ulishavamiwa, ulishaungua, ulishafurika hadi magotini, lakini hakuna mtu aliyewahi kutamka jambo kama lile hadharani.

Na juu, dirisha la ghorofa ya pili, kichwa cha Hannelore kikatokeza. "Eugen! Shika ufagio! Unataka tuhame mji?"

Kimmerle akaushika ufagio.

Akaanza kufagia, kofia kichwani, unyoya unacheza, majani yaliyolowa yanamrukia koti la pasi.

"Siyo hivyo!" Mama Hägele akasimama. "Anzia pembeni. Pembeni, Kimmerle! Unafagia au unakoroga uji?"

"Samahani, mama," Bi. Tamsen alikuwa amesogea mbele. Alikuwa ametoa kalamu. "Kwa nini aanzie pembeni?"

Mama Hägele akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akaona huyu ni mtu wa kufundishika. "Kwa sababu ukianzia kati, unamsukumia jirani. Mpaka wetu ni lile jiwe lenye ufa. Jani likiwa huku ni la Kimmerle. Likiwa kule ni la akina Bäuerle. Mwaka themanini na mbili jani moja lilikaa juu ya ufa wenyewe. Siku tisa! Hakuna aliyeligusa. Walikuja kutuamulia watu wa manispaa."

"Wakaamuaje?" bwana wa soksi akauliza, pumzi juu.

"Walilipima. Sentimita nne kwetu, tatu kwao. Karl akafagia. Baba Bäuerle alikuja kumwambia Karl asante miaka sita baadaye, kwenye msiba wa mama yake."

Wageni walikuwa wamekaa chini sasa, wengine kwenye ngazi za jirani, wengine ukingoni mwa barabara. Mama Hägele akaendelea. Akasimulia ile nyumba ya tano, ambako bibi arusi alirudishwa kwao kwa kuwa alifagia na ufagio wenye mpini wa plastiki. Akaeleza kwa nini ndoo humwagwa kuelekea mtoni na si kuelekea kanisani. Akaonyesha dirisha ambalo nyuma ya pazia lake alikuwa amekaa mtu mmoja na darubini kila Jumamosi kwa miaka ishirini. Pazia likatikisika. Watu wakapiga kelele! Walikuwa wanapiga picha, wanauliza, wanamwomba Kimmerle arudie kule kufagia kuanzia pembeni taratibu. Bwana wa soksi alijaza daftari akageukia mkono wa shati.

Kimmerle alipofikia jiwe lenye ufa, mtaa mzima ukapiga makofi, mpaka watu wa madirishani. Akavua kofia, akainama, mara tatu.

Bi. Tamsen akafunga kalamu. Uso ni uleule, lakini wanaojua watu wa Hamburg wanasema ule ulikuwa ni uso wa kuchekelea. "Bwana Kimmerle, nimeshaamua. Simu hatuzihitaji. Matembezi yanabaki."

Matembezi yanabaki! Kimmerle alipanda ngazi mbilimbili. Jioni ileile alikwenda mgahawani, akawaagizia wazee wote divai nyekundu, akasimama. "Mwanamke wa Hamburg kapiga magoti! Simu kaitupa mtoni! Kasema, bila Kimmerle hakuna Altenwehr!" Siku ile hakuna aliyeinua gazeti, maana divai ilikuwa ya bure.

Barua ilikuja Jumanne. Ilikuwa fupi, ya Kihamburg. Matembezi ya Jumamosi yanaendelea kama yalivyotangazwa. Mwongoza wageni ni Bi. Lina Hägele. Bwana Kimmerle anaombwa kumkabidhi kofia na fimbo. Aidha, Bwana Kimmerle anakaribishwa kushiriki katika kituo cha sita, kila Jumamosi, kuanzia saa nane na dakika arobaini hadi saa nane na dakika hamsini, akiwa anafagia. Aje na ufagio wake.

Aliisoma mara nne. Akakaa kitako jikoni, hakuzungumza, na Hannelore akashtuka, maana kimya kile ndani ya nyumba ile kilikuwa kigeni.

"Sifanyi," hatimaye akasema. "Mimi ni mwanahistoria. Sifanyi!"

"Si lazima," Hannelore akamjibu. "Kaa hapa nami Jumamosi. Nina makabati ya kupanga." Akamwona alivyokunjamana, akamwonea huruma kidogo. "Eugen, si watakuwa wanakutazama lakini?"

Hilo likamwingia. Watakuwa wanamtazama! Dakika kumi nzima! Na mtu anayetazamwa hakatazwi kusema. Ukoo wa Kimmerle na ufagio: hapo mbona kuna hadithi? Babu aliufagia mto wenyewe! Aliyasukuma maji nyuma, kwa ufagio mmoja, hadi mji wa Heilbronn! Akachukua karatasi, akaandika hotuba ya dakika nne, akaikariri bafuni kwenye vigae, akaitia vituo, akaitia mikono.

Jumamosi ikafika. Saa nane na dakika thelathini na tisa alikuwa mbele ya nyumba, koti limepigwa pasi, kifua mbele. Akasikia vishindo. Wakakata kona, na moyo wake ukaruka: watu arobaini! Katika miaka yake kumi na moja hakuwahi kupata hata ishirini. Mbele yao, Mama Hägele, aproni ya bluu, fimbo ya shaba inagonga mawe, kofia ya kijani imejazwa magazeti ndani isimfunike macho. Nyuma, koti la mvua.

Kimmerle akaanza kufagia, kuanzia pembeni. Wakamzunguka, duara zima, kimya, macho arobaini mara mbili. Akawaacha wamtazame kidogo. Halafu akasimamisha ufagio, akakohoa, akainua mkono wa kulia.

"Mabibi na mabwana," akasema Mama Hägele, "huyu ndiye mfagiaji wetu. Ukoo wake umefagia mtaa huu miaka mia mbili na arobaini, baba kwa mwana. Msimuulize kitu, jamani, mtamtia uchungu bure. Ni bubu tangu kuzaliwa."

"Oooh!" wakasema watu arobaini.

Mdomo wa Kimmerle ulikuwa wazi tayari. Hotuba yote ilikuwa pale, nyuma ya meno, imejipanga mstari. Akazitazama zile nyuso. Watu wazima, wamevua kofia. Bibi mmoja wa mbele machozi yanamlenga. Hakuna aliyeangalia saa, hakuna aliyenyanyua gazeti. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumtazama hivyo. Akisema neno moja tu, limekwisha.

Akaufunga mdomo. Akafagia.

Yule bibi wa mbele akashindwa kujizuia. Akamsogelea, akamshika bega, akamsogezea mdomo sikioni, akapaza sauti mtaa mzima usikie, neno moja moja, kama mtu anayeongea na mtoto mchanga:

"UNA! FAGIA! VI! ZURI!"

Na Eugen Kimmerle, mwanahistoria, akatikisa kichwa kushukuru.